Simu ya Saa Nane na Dakika Kumi

Marubani walimbandika jina la Kibaba, naye akalizoea hata akawa anageuka akiitwa hivyo dukani. Kazi yake ilikuwa kupima. Alikuwa mratibu wa safari katika kampuni ndogo ya ndege, na kabla ndege yoyote haijawasha injini, yeye ndiye aliyekaa mezani kupiga hesabu ya mafuta, uzito, upepo na mawingu, na kuchagua uwanja mbadala wa kukimbilia iwapo kule waendako hakutuliki. Akimaliza aliweka saini. Rubani naye akisoma na kuridhika, aliweka yake chini. Bila saini mbili ndege haiendi popote. Ikishapaa huingia mtu wa tatu, mwongozaji wa ndege, anayekaa mbele ya rada kuzitenganisha ndege zisigongane na kuwapasha marubani habari za huko mbele. Kibaba aliifanya kazi hiyo miaka kumi na minne bila hata tairi kumletea aibu.

Mchana ule kapteni aliingia chumbani kwake akijifuta jasho, kofia kwapani. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye tumbo lililomtangulia mlangoni.

"Kibaba, leo usinibanie," alisema. "Nataka mafuta ya dakika arobaini za kuzunguka. Ukungu wa kule milimani hauna adabu."

"Arobaini sikupi, kapteni. Njia yao ya kutulia ni fupi, tena iko juu. Una abiria kumi na saba. Ukitua mzito, breki hazitakusikia."

"Basi punguza mizigo."

"Mizigo ni dawa za hospitali. Nikuandikie ushushe dawa, uje uwaeleze wagonjwa wewe mwenyewe?"

Kapteni akacheka, akavuta kiti. Walikokotoa tena pamoja, penseli kwa penseli. Safari dakika themanini. Kutoka huko hadi uwanja mbadala dakika ishirini na tano. Akiba ya sheria dakika thelathini. Za kuzunguka walikubaliana kumi na tano, kwa kuwa uwanja mbadala asubuhi hiyo ulikuwa wazi na anga yake safi kama sahani iliyooshwa.

"Kumi na tano basi," kapteni alisema akitia saini. "Lakini huko kwenye mbadala kukitokea lolote, unanijulisha."

"Nikuache hewani hujui kitu, mimi nina wazimu?"

Ndege iliondoka saa saba na nusu.

Saa nane na dakika kumi simu ya mezani ikalia. Alikuwa wakala wa kampuni kwenye ule uwanja mbadala, anahema.

"Dada, ndege yetu iliyotoka huko asubuhi imepasuka matairi mawili ikitua. Hakuna aliyeumia, lakini imekaa katikati ya njia kama ng'ombe aliyegoma. Hapa hapaingii kitu wala hapatoki kitu. Nahitaji mafundi, nahitaji matairi, na abiria wanataka kunimeza."

"Umewaarifu waongozaji?"

"Meneja wa uwanja ndiye wa kuwaarifu, na meneja mwenyewe yuko chini ya bawa anasukuma. Fanya wewe."

Kibaba aliinua macho kwenye saa ya ukutani. Kapteni alikuwa nusu ya safari. Akijua sasa hivi, mafuta yalimtosha kugeuza na kurudi nyumbani na bado yakabaki. Redio ya kampuni ilikuwa haifiki ng'ambo ya milima, hivyo njia ya kumpata ilikuwa moja tu, kupitia kwa waongozaji. Na simu rasmi ya kwa waongozaji, ile inayonasa kila neno, ilikuwa imekufa kwa siku kumi na tisa. Kibaba alikuwa ameandika barua mara tatu. Mara zote tatu alijibiwa kwamba fundi yuko njiani, na huyo fundi lazima alikuwa anakuja kwa magoti.

Kwa siku zote hizo alikuwa akijisaidia kwa njia ya uchochoro. Mume wa mdogo wake alikuwa mwongozaji kwenye chumba cha rada. Simu za mkononi zilitakiwa zibaki nje ya chumba kile, lakini shemeji alikuwa ameanza kuingia na yake mfukoni, kwa ajili yake.

Alipiga. Ikaita mara nne.

"Shem, haraka. Ndege yetu ya milimani, mbadala wake umefungwa. Ndege imekwama katikati ya njia. Mwambie kapteni sasa hivi, bado ana mafuta ya kurudi."

"Ngoja." Alimsikia akizungumza na ndege nyingine, anaiamuru ishuke, sauti kavu na ya haraka. Kisha akarudi. "Haya, nimekusikia. Nitampa."

"Umpe sasa, shem."

"Nitampa. Nina ndege saba hapa." Simu ikakatika.

Kazi ya Kibaba haikuishia hapo, naye alilijua hilo kama anavyolijua jina la mama yake. Ujumbe hauhesabiwi kuwa umefika mpaka rubani mwenyewe aurudie na jibu lije mezani. Kwenye fomu kulikuwa na nafasi ya kuandika saa ya kupokelewa kwake. Aliivuta fomu, akaiweka mbele yake bila kuandika kitu, akisubiri jibu ndipo aandike yote kwa pamoja.

Simu ya mezani ikalia. Fundi mkuu anauliza ukubwa wa matairi. Ikalia tena. Mkurugenzi anauliza kwa nini abiria wanapiga picha. Basi la kwenda kuwachukua abiria halikuwa na dereva, dereva alipopatikana basi halikuwa na betri. Saa nane na dakika thelathini na tano Kibaba alitupa jicho kwenye saa, akashika simu ya mkononi ampigie shemeji. Kidole kikiwa juu ya kitufe, fundi mkuu akaingia mzimamzima chumbani na karatasi za kusaini. Alipomaliza kusaini akajiambia kwamba kama kungekuwa na tatizo angeshasikia. Akaiweka simu chini.

Saa tisa na nusu wakala akapiga tena. Safari hii hakuwa anahema. Aliongea polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Dada, kuna ndege yetu juu ya vichwa vyetu. Inazunguka."

"Ndege ipi?"

"Ya milimani. Kapteni anasema kule ameukuta ukungu mpaka chini, amezunguka dakika zake zote, akaja huku. Anasema habari za kufungwa amezipata akiwa njiani tayari. Kwa nini hamkumwambia mapema?"

Kibaba aliangalia fomu. Ile nafasi ilikuwa tupu. Hesabu ilijipiga yenyewe kichwani bila kumwomba ruhusa: saa kumi kamili, hakuna mafuta tena. Nyumbani ni dakika themanini. Kiwanja kingine cha karibu ni saa nzima.

"Iondoeni hiyo iliyokwama," alisema. "Ivuteni hata kwa meno."

"Tuna trekta. Tumefunga kamba."

Alikaa na simu sikioni dakika ishirini. Alisikia trekta likiunguruma, watu wakihesabu moja, mbili, tatu. Alisikia mvua ikianza kugonga mabati ya huko. Kisha mlio mkali kama kofi, na watu wote wakapiga kelele kwa mara moja.

"Kamba imekatika," wakala alisema. "Dada, kamba imekatika."

Wakala alikuwa na redio ndogo ya mkononi, na kupitia redio ile na simu ile Kibaba alimsikia kapteni, mbali, amekwaruzwa na mvumo, lakini ni yeye. "Nimebakiwa na dakika kumi. Nipimieni kipande kilichobaki mbele ya hiyo ndege."

Walikwenda wakapima kwa miguu. Mita mia sita. Kibaba hakuhitaji penseli. Kwa njia iliyolowa, kwa uzito ule, mia sita ni kujitupa.

"Mwambie haitoshi," alimwambia wakala. "Mwambie kwa njia yenye maji anahitaji mia tisa."

Wakala akarudia maneno hayo redioni.

"Najua haitoshi," kapteni alisema. "Kipi kinatosha?"

Kibaba alisikia injini zikija, zikikua, zikipita. Alisikia magurudumu yakigusa. Akaanza kuhesabu sekunde bila kujua anahesabu, na alipofika tisa alisikia kishindo, kisha kingine kizito zaidi, halafu miguu mingi ikikimbia kwenye maji. Wakala alikuwa ameiangusha simu. Kibaba aliendelea kuishikilia yake mpaka ikafa yenyewe.

Ndege ilikuwa imepitiliza mwisho wa njia na kutumbukia kwenye korongo. Walikufa watu saba, kapteni na abiria sita. Rubani msaidizi, binti aliyekuwa na mwaka mmoja tu kazini, alitolewa hai na nyonga iliyosagika.

Kabla ya siku tatu kwisha, magazeti yalikuwa yamekwishapata mkosaji. Kapteni, yalisema, aliondoka milimani kwenda uwanja mbadala bila kuuliza kama uko wazi. Mkurugenzi hakukanusha. Wakubwa wa waongozaji hawakukanusha. Mtu aliyelala kwenye jeneza hapingi kitu, na kila mwenye ofisi alishusha pumzi.

Kibaba alikwenda mazikoni akasimama nyuma. Walipokuwa wanashusha jeneza, mwanamume mmoja aliyempoteza mkewe kwenye ndege ile alijipenyeza mpaka mbele akaanza kupiga kelele kwamba muuaji anazikwa na maua. Watu walimshika mikono. Mke wa kapteni hakunyanyua uso. Alikuwa amemshika binti yake mkubwa bega, na Kibaba aliona vidole vile vikibonyea kwenye kitambaa mpaka vikawa vyeupe kuchani.

Jumapili, saa tano asubuhi, shemeji alikuja nyumbani kwake pamoja na mdogo wake. Hawakuja na watoto. Shemeji alikuwa amesawijika, suruali imemlegea kama ya kuazima. Hakugusa chai.

"Niliisahau," alisema. "Sikutafutii maneno, shem. Simu ilipokatika tu, ndege mbili zilikuwa zinakutana kwenye kimo kimoja. Nikazitenganisha. Kisha zamu yangu ikaisha, nikainuka mwenzangu akakaa, nikamkabidhi ndege zote saba kwa mdomo, moja baada ya moja, na hiyo habari yako haikunijia. Ilinijia saa tisa na robo, niko kantini na kikombe mkononi. Nilipanda ngazi mbio. Nikakuta taarifa ya meneja wa uwanja imeshaingia, kapteni ameshaambiwa, na ameshaondoka milimani."

"Ulimwambia nani kwamba nilikupigia?"

"Hakuna."

Mdogo wake akadakia. "Dada, simu ile haikunaswa popote. Fomu yako haina kitu. Wanajua wewe na yeye tu. Kapteni amekufa, Mungu amrehemu, haumwi tena. Sisi tuna watoto watatu."

"Kapteni ana wanne," Kibaba alisema.

"Sikuulizi ana wangapi!" Mdogo wake alipaza sauti, kisha akaishusha, akamshika magoti kama alivyokuwa akimshika utotoni akitaka asishtakiwe kwa mama. "Hata wewe utaangamia, dada. Wewe ndiye ulipokea ile habari kwanza. Wewe ndiye hukupiga tena. Nakuombea na wewe pia."

Hilo ndilo lililomchoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Wiki nzima alikuwa amemlaumu shemeji usiku na mchana, na kila alipofika mwisho wa lawama alikuta kidole chake mwenyewe juu ya kitufe, na fundi mlangoni. Dakika moja. Shemeji alimsahau kapteni akiwa na ndege mbili zinazokaribia kugongana. Yeye alimwacha kwa ajili ya karatasi za matairi.

Hakuwaahidi kitu. Waliondoka bila kuagana vizuri, na alibaki anaosha vikombe ambavyo havikuwa vichafu.

Kamati ya uchunguzi ilikaa mwezi uliofuata katika ukumbi wenye viti vya plastiki na feni moja. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mzee, rubani mstaafu, mwenye tabia ya kuvua miwani kila anapotaka kusikia vizuri. Siku ya kwanza walicheza kilichonaswa na kinasa sauti cha ndege. Mke wa kapteni alikuwa safu ya mbele. Rubani msaidizi alikuwa pembeni kwenye kiti cha magurudumu.

Kwenye kanda ile wako juu ya ukungu wa milimani, wanazunguka. Msaidizi anauliza, "Kapteni, tuulize kwanza hali ya mbadala kabla hatujaondoka?"

Kapteni anajibu, na unaisikia tabasamu sautini: "Pako wazi. Pangekuwa na neno, Kibaba angeshanifikishia. Yule hawezi kunitupa."

Kibaba aliinama. Ukumbini hakuna aliyemgeukia, kwa kuwa wengi hawakujua Kibaba ni nani. Mke wa kapteni alijua. Aligeuka taratibu, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu mazikoni. Hakumtazama kwa chuki. Alimtazama kama mtu anayesubiri jibu.

Alipoitwa mbele, mwenyekiti alianza kwa swali jepesi. "Taarifa kwamba uwanja mbadala umefungwa wewe uliipata saa ngapi?"

Shemeji alikuwa kwenye safu ya waongozaji, mikono katikati ya magoti. Mdogo wake alikuwa nyuma yake.

"Saa nane na dakika kumi," Kibaba alisema.

Mnong'ono ukapita ukumbini. Wakili wa kampuni alisimama, mwenyekiti akamkalisha kwa mkono. "Fomu yako haionyeshi hivyo."

"Haionyeshi kwa sababu sikuandika. Nilikuwa nasubiri jibu la rubani. Jibu halikuja, na sikulifuata. Nilikuwa na dakika arobaini za kulifuata. Saa nane na thelathini na tano nilishika simu, nikaiweka chini. Hakuna aliyenizuia."

Mwenyekiti akavua miwani. "Ulikuwa unasubiri jibu kupitia kwa nani? Simu yenu rasmi ilikuwa haifanyi kazi."

Kibaba alikuwa amejiandaa kwa swali hilo usiku tatu mfululizo. Alimtazama mdogo wake. Mdogo wake alikuwa anatikisa kichwa, polepole, machozi yanamtiririka, hayapangusi.

"Nilimpigia shemeji yangu kwa simu yake ya mkononi," alisema. "Yuko hapa."

Shemeji alisimama kabla ya kuitwa. "Sikupokea simu hiyo," alisema. "Shemeji yangu ana uchungu, namwelewa. Lakini sikuipokea."

Kampuni ya simu iliandikiwa, ikajibu baada ya siku nne. Saa nane na dakika kumi na moja, simu kutoka kwa Kibaba kwenda kwa shemeji, imepokelewa, sekunde thelathini na nane. Shemeji aliposomewa karatasi ile alikaa chini kwenye sakafu, pembeni ya kiti, kama mtoto. Aliyasema yote, neno kwa neno kama alivyoyasema ile Jumapili.

Ripoti ilitoka miezi saba baadaye. Haikumsafisha mtu. Mratibu hakuhakikisha ujumbe wake umefika. Mwongozaji alipokea ujumbe wa usalama asiufikishe, kisha akaificha habari hiyo. Rubani aliondoka milimani bila kuuliza, ingawa msaidizi wake alimkumbusha. Meneja wa uwanja alichelewa kutoa taarifa kwa saa nzima. Ukurasa wa mwisho ulitaja simu iliyokufa siku kumi na tisa, na barua tatu. Sentensi hiyo ilikuwa fupi, na aliyepaswa kuitengeneza simu alibaki na ofisi yake na kiti chake cha kuzunguka.

Kibaba alinyang'anywa leseni kwa miaka miwili. Miaka hiyo ilipokwisha hakwenda kuichukua. Shemeji alifukuzwa na kushtakiwa kwa kudanganya kamati, akafungwa miezi kumi na minane.

Mke wa kapteni alimpigia simu mara moja tu, siku ripoti ilipotoka.

"Nimesoma," alisema. "Yule mwanamume wa mazikoni amekuja hapa kuomba radhi. Watoto walikuwepo, wamesikia. Kwa hilo nakushukuru."

"Mama, mimi..."

"Usiniombe msamaha. Sina. Labda siku nyingine nitakuwa nao, leo sina." Akakata.

Mdogo wake hakumpigia kabisa. Kibaba alikwenda kwake mara nne katika mwaka ule, kila mara na kitu mkononi, unga, madaftari ya watoto, viatu vya shule. Mara tatu mlango haukufunguliwa ingawa alisikia redio ndani. Mara ya nne mlango ulikuwa na kufuli geni, na dirishani hapakuwa na pazia.

Jirani, mwanamke aliyekuwa akianua nguo, alimwambia kwamba walihama wiki iliyopita.

"Wamehamia wapi?"

"Hakusema. Wewe ni nani yake?"

"Dada yake," Kibaba alisema. "Wa kuzaliwa naye."

Jirani alimtazama kwa muda, shati lililolowa mkononi, halafu akaligeukia kapu lake la nguo.